Mbuzi wa Camilla

Mimi ni mtu wa Diana. Niseme hilo mapema, mtu asije akadai nilificha. Picha yake niliikata kwenye gazeti mwaka ule alipofariki, nikaibandika ukutani juu ya cherehani yangu hapa soko la Tulia. Tangu hapo nimehama vibanda vitatu, na kila mara yeye ndiye mzigo wa kwanza kubebwa. Marehemu mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini picha yake yeye haimo ukutani. Nilimwambia ajifunze kuvaa kwanza.

Jirani yangu wa kibanda ni Kalekye, muuza ndengu, yaani choroko, ambaye sote tunamwita Mama Wavinya. Yeye ni mtu wa Camilla, yule aliyeolewa baadaye na mume wa Diana. Zunguka Kitui yote, sidhani kama utapata mwanamke mwingine wa Kikamba aliyemchagua Camilla kwa hiari yake. Wasichana wanampenda Kate kwa sababu ya kiuno. Walimu wa kike wanampenda Meghan kwa sababu aliwahama wakwe na mume akamfuata, na hiyo ndiyo ndoto ya kila mwalimu aliyeolewa. Ubah, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, anamheshimu marehemu Malkia Elizabeth peke yake, kwa kuwa alifanya kazi mpaka juma lile lile alilokufa, na mkoba wake mkononi. "Mwanamke mwenye mkoba wake haombi mtu nauli," Ubah husema. Lakini Camilla? Kalekye ameibandika picha yake kwenye mizani ya ndengu, na kila mteja humsalimu Camilla kabla ya kuona kilo yake.

Mwanangu Mutinda, ambaye amesoma na anapenda tujue hivyo, hunikumbusha kwamba watu hao walitutawala na kuchukua ng'ombe wa babu zetu. Namwambia ni kweli. Wao walichukua ng'ombe, sisi tunachukua mitindo. Tunawajadili wanawake wale kama wake wa boma la jirani: nani amenenepa, nani hasalimiani na nani, nani amerudia koti. Hatuwapigii magoti. Tunawapima tu, kama ndengu.

Siku Camilla alipovikwa taji, mwezi wa Mei mwaka wa 2023, tulitazama kwenye televisheni ya duka la Ubah. Taji liliposhuka kichwani mwake, Kalekye alilia. Hakutoa chozi la adabu la kupangusa kwa ncha ya leso. Alilia mpaka mabega yakatikisika. Mimi nikacheka. Nikamuuliza kama Camilla ni shangazi yake.

"Amengoja," akasema. "Miaka yote hiyo watu wakimtukana. Amengoja, na wamemvika mbele ya watu wote."

Nilimwambia mtu akingoja kwenye mlango wa mwenziwe, huko si kungoja, huko ni kuvizia. Ubah akatutuliza kwa chai. Nilidhani hayo yamekwisha, maana mimi ni mtu wa kudhani hivyo kila ninapomaliza kusema langu.

Mwaka huu Wavinya, binti pekee wa Kalekye, alipata mchumba kutoka Tawa, huko Makueni. Kijana mpole, fundi wa umeme, na Jumatatu alikuwa anapanda ndege kwenda Qatar kwa mkataba wa miaka miwili. Kwa hivyo ikapangwa kwamba watu wake wangeleta mbuzi wa ntheo Jumamosi, kabla hajaondoka. Kwa asiyetujua, ntheo ni mbuzi watatu ambao mume hupeleka kwa wazazi wa mke. Mmoja huchinjwa, watu wa pande mbili wakala pamoja, na baada ya hapo mwanamke ni mke. Mahari mengine yanaweza kuja polepole hata miaka ishirini. Mbuzi wa ntheo wasipofika, hata ukifanya harusi ya keki ya ghorofa saba, wazee watakuita mgeni aliyekawia kuondoka.

Kalekye aliniletea kitambaa cha buluu cha gauni kutoka kwa Ubah, pamoja na picha ya kofia kwenye simu. Alitaka kofia pana ya kuinama upande, yenye manyoya. Nikamsukia kwa mkonge, ule ule wa kusukia vyondo, vikapu vyetu, nikaongeza manyoya ya jogoo wangu aliyekuwa amezeeka kwa kiburi. Kofia ilitoka nzuri. Nasema mimi mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyesema.

Alhamisi ni siku ambayo ningependa kuirudia na kuirekebisha. Mzee Kyule, mshenga wa upande wa kijana, alikuwa amefika kutoka Tawa kupanga saa ya wageni kuwasili. Mume wa Kalekye, Nthiwa, alikuwa bado kwenye kinu chake cha kusaga unga, basi mzee akaketi kwenye benchi langu akingoja, kikombe cha chai mkononi. Ubah alikuwa ameleta vifungo. Mimi nilikuwa nampima Kalekye kofia, pini mdomoni. Laiti ningeziacha humo.

"Geuka nione," nikasema nilipozitoa. "Manyoya inalala."

"Hata ya Camilla inalalanga hivyo."

"Camilla ako na nywele ya kushika kofia, Mama Wavinya. Wewe uko na kitambaa."

Ubah akacheka, na mzee akatabasamu ndani ya kikombe. Mimi nikipata wasikilizaji ni kama moto kupata nyasi kavu. Nikaendelea.

"Na hata hiyo taji, tuseme ukweli. Yule wako aliingia na mlango ya nyuma. Alikaa, alikaa, watu wakachoka kuongea, ndio akaitwa mke. Huko kwao kuna mbuzi iliwahi fika? Mwanamke bila ntheo ni mgeni tu, hata akipika miaka mia moja."

Kalekye akaivua kofia polepole, akaiweka juu ya cherehani.

"Miaka thelathini na nne nimepika kwa hiyo nyumba," akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nimezaa watano. Mama ya Baba Wavinya alipougua ni mimi nilikuwa namgeuza kitandani mpaka akaenda. Leo ndio unaniambia mimi ni mgeni?"

"Sikusema wewe. Nimesema Camilla."

"Camilla haishi Tulia, Mama Mutinda. Mimi ndio naishi hapa."

Ndipo nikaelewa, na nikatamani ardhi ya Kitui, ambayo hupasuka kila kiangazi bila kuombwa, ipasuke mara moja kwa faida yangu. Nthiwa hakuwahi kupeleka mbuzi. Miaka yote ile ya kumtetea Camilla kwenye mizani ya ndengu, Kalekye alikuwa anajitetea mwenyewe, na mimi rafiki yake nilikuwa namchapa kila siku ya soko kwa jina la mtu mwingine. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu huponza vichwa vya wenzangu kwanza.

Mzee Kyule akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa heshima na hakufurahia kusema aliyosema.

"Mama, mimi sikuja kusikiza maneno ya kofia. Lakini masikio haina mlango. Kama mbuzi ya mama haikuenda kwao, baba hawezi pokea ya msichana. Hiyo si mimi nimeweka, tuliipata hivyo. Tengenezeni kwanza. Ikitengenezwa, Jumamosi tutakuja. Isipotengenezwa, wacha kijana aende Qatar na arudi."

Kalekye aligeukia kibanda chake. Alifunga magunia yake ya ndengu, akamwomba Ubah amtunzie mizani, akakunja gauni la buluu na kulitia kwenye kiondo. Mchana ule ule alipanda gari kwenda kwao, Sultan Hamud. Aliniambia neno moja tu akipita: "Mwambie Baba Wavinya mimi niko kwetu. Mlango ya mbele anaijua."

Wavinya alikuja kibandani alasiri, macho mekundu. Nilitamani anitukane. Badala yake alikaa kwenye benchi na kusema, "Auntie, kama mama anarudi hapa bila heshima yake, mimi siolewi. Hata huyo kijana angojee Qatar mpaka azeeke." Nilimpa kitambaa cha kupangusia macho. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha pazia, ndicho kilichokuwa karibu.

Nilimkuta Nthiwa kinuni, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Ni mzee wa kanisa, anasoma matangazo kila Jumapili kwa sauti ya mtu aliyeyaandika Mungu akimshikia kalamu. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Alizima mashine.

"Tulitoroka pamoja mwaka wa tisini na moja," akasema. "Nikasema nitaenda mvua ikinyesha. Mvua ikakataa. Halafu watoto wakaanza shule. Halafu tukazoeana tu, Mama Mutinda. Nani angekumbuka?"

"Yeye alikumbuka kila siku."

"Hata huyo bwana ya Camilla, mtoto wa Malkia mwenyewe, si alichukua muda?"

"Alichukua muda, Baba Wavinya. Lakini alienda."

Akatazama mikono yake. "Mzee wa kanisa wa miaka sitini na mbili nifukuze mbuzi kwa barabara kama kijana? Watu watasema nini?"

"Ulitoroka na yeye kama kijana. Enda kama kijana."

Nilidhani atanifukuza. Lakini nikaona unga wa shavuni mwake ukipata mfereji wa chozi. Akasema, "Kama atakataa kurudi?" Hilo ndilo lililokuwa limemkaba tangu mwanzo, si watu. Nikamwonea huruma, ingawa sikumwambia.

Mambo ya mbuzi tulimwachia Billow, mume wa Ubah, ambaye hufanya biashara ya mifugo na humtambua mbuzi mgonjwa kwa kumsikia akikohoa upande wa pili wa kilima. Alichagua majike mawili na beberu mmoja mwekundu, mwenye macho ya karani mfidhuli. Ubah alisimama kando akitingisha kichwa. "Kwetu Waislamu mahari ni ya mwanamke mwenyewe, anaishika na mkono wake," akasema. "Nyinyi mnasema ni ya baba, halafu hata baba hamumpatii." Basi tukapakia mbuzi.

Ijumaa asubuhi tulishika njia kwa pikapu ya Billow, yeye, Nthiwa na mimi mbele, na mbuzi watatu nyuma. Kofia ya Kalekye niliifunga kwenye mfuko na kuiweka nyuma, maana mbele hapakuwa na nafasi ila ya magoti ya Nthiwa. Tulipofika Sultan Hamud nikashuka kuchukua mfuko, nikakuta beberu mwekundu anatafuna bila haraka. Alikuwa ameanza na manyoya, akala ukingo, na sasa alikuwa amefika katikati. Nilimnyang'anya nusu iliyobaki.

Kwao Kalekye ni ng'ambo ya reli, boma la michongoma na nyumba ya mabati. Mama yake, Nzilani, alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda. Ana miaka themanini na nane na haoni vizuri, ila kwa ulimi hajapungukiwa. Wakati binti yake alipochukuliwa, aliapa kwamba hatakula chakula cha nyumba ambayo mbuzi wake hawajafika. Hajawahi kukanyaga Tulia. Wajukuu ndio walioletwa kwake kusalimia, mmoja mmoja. Musyoka, kaka yake Kalekye, alitutazama na hakufungua lango.

Nthiwa akasimama nje, kamba tatu mkononi, suti ya kanisa imejaa manyoya ya mbuzi.

"Ni nani?" Nzilani akauliza.

"Ni Nthiwa, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nthiwa wa nani?"

"Wa Kalekye."

"Kalekye wangu hana bwana. Kalekye wangu nilimtuma maji mwaka wa tisini na moja. Bado sijaona maji."

Billow akageuka kutazama reli, mabega yakimtikisika. Nthiwa akainamisha kichwa.

"Ni mimi nilimpata huko kwa maji, mwaitu. Nilimchukua na sikusema. Nimekuja kusema."

"Umekuja kusema miaka ngapi imepita?"

"Mingi. Nilikuwa naona haya, na haya ikazaa haya ingine."

Bibi kizee akafikiri. Mbuzi mmoja akalia. "Na jerikeni yangu?" akauliza.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alimtuma binti na jerikeni ya lita ishirini, na vyote viwili havikurudi. Musyoka akatwambia kwa upole kwamba duka liko kando ya stesheni. Billow alitaka kwenda kwa gari, lakini Nthiwa akamkabidhi kamba, akaenda mwenyewe kwa miguu. Alinunua jerikeni ya manjano, akaijaza kwenye bomba la soko, akarudi nayo begani, maji yakimwagikia suti. Njia nzima watu walisimama kumtazama mzee wa heshima akibeba maji mchana. Alipofika langoni alikuwa anahema kama mashine yake ya kusaga.

"Maji imefika, mwaitu."

"Ilikuwa mbali," akasema Nzilani. "Musyoka, fungulia watu."

Mbuzi wakapita, kisha maji, kisha Nthiwa. Beberu mwekundu akapelekwa nyuma ya nyumba kwa wanaume, na sikumlilia. Ndipo Kalekye akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni la buluu. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha tangu Machakos, marefu na mazuri, yakanipotea yote. Nikamnyooshea nusu ya kofia.

"Nisamehe," nikasema.

"Nilikasirika na wewe mpaka Kitui mjini," akasema. "Kutoka hapo nikakasirika na Baba Wavinya." Akaigeuza kofia. "Ingine iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa nyuma ya nyumba, ambako wanaume walikuwa wanachuna ngozi. Alichukua muda kidogo kuelewa. Kisha akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na gauni jipya nililomshonea, nami nikacheka, na mama yake akauliza nani amekufa. Kalekye akajivika kile kilichobaki. Kilikaa upande, kama alivyotaka tangu mwanzo. Nthiwa alipomwona alivua kofia yake mwenyewe na kusimama nayo kifuani, bila kujua afanye nini nayo. Askofu wa kuvika taji hakuwepo. Ilikuwa tu Musyoka na kisu, Billow akihakikisha beberu amechinjwa kwa namna ambayo naye angeweza kula, na mimi. Tulikula nyama ile pamoja, na mkonge wangu ndani yake.

Alasiri tulipoinuka kuondoka, Nzilani alikuwa tayari amesimama na mkongojo wake na leso ya pili mabegani. Hakuomba kubebwa, alisubiri tu mlango wa pikapu ufunguliwe. Billow akampa kiti cha mbele. Sisi wengine tulirudi Tulia tukiwa nyuma, mahali pa mbuzi, na Kalekye alishika kofia yake kwa mikono miwili njia yote.

Jumamosi mzee Kyule na watu wa Tawa walifika saa nne, na mbuzi wa Wavinya wakaingia kwa lango la mbele. Nthiwa aliwapokea kwa sauti ya matangazo ya kanisa, na safari hii sikumlaumu. Wavinya alikuwa anacheka na kijana wake kana kwamba Qatar ni hapo mjini Kabati tu. Nusu ya kofia ilipigwa picha nyingi, na Jumatatu walimu wawili walikuja kuniuliza kama huo ndio mtindo mpya. Niliwaambia ndio. Ninauza.

Diana wangu bado yuko ukutani, msinielewe vibaya. Lakini nimeacha kusema maneno fulani siku za soko, na Kalekye akimtaja Camilla, mimi natia pini mdomoni.

Ila ninalolikumbuka zaidi lilikuwa jikoni, wageni wakiwa bado nje. Kalekye alipakua muthokoi kwenye sahani, mahindi na maharagwe aliyopika mwenyewe alfajiri, akaiweka magotini mwa mama yake. Nzilani akaipapasa sahani ukingo mpaka ukingo, akanusa, akala kijiko cha kwanza taratibu. Kalekye alikuwa analia kama siku ile ya televisheni, na safari hii sikumcheka, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.

"Chumvi ni kidogo," akasema Nzilani. Kisha akala yote, akanyoosha sahani aongezwe.